Tela ya Vitanda Vinne

Mwalimu Auleria alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja. Ukipita Madale leo utakutana na watu wazima, wengine na vitambi vyao, wanaoshika kalamu vile alivyowashikisha yeye. Hakuwa mtu wa kupayuka. Mtoto mkorofi alimwita mezani, akampa kazi ya kugawa daftari, na ukorofi ukaishia hapo.

Mimi naitwa Mbwana, mtu wa Temeke kwa kuzaliwa. Nimeendesha malori ya masafa marefu mpaka miguu ikachoka, ndipo nikajenga Madale, chini kidogo ya nyumba ya Mwalimu na mumewe Adelard. Wao ni Wahaya wa Muleba. Tulitaniana kila siku. Mimi nilimwambia Adelard kwamba Mhaya hawezi kununua hata sufuria mpaka jirani aione, na yeye akaniuliza watu wa pwani huwa tunaamka saa ngapi, maana kila akipita ananikuta juu ya mkeka. Nayasema haya mjue kwamba nilikuwa mtu wa karibu. Mtu wa mbali angekuwa na kisingizio.

Agosti Mwalimu alianza kulalamika mgongo. Wakaenda hospitali, wakapimwa hiki na kile, wakarudi na mfuko wa dawa. Jioni ile Adelard akaja kwangu, akakaa bila kusubiri kukaribishwa.

"Siyo mgongo," akasema. "Ni saratani, imeshaingia kwenye uti. Daktari amesema Krismasi ataiona, Pasaka hana uhakika. Nimemwomba asimwambie. Mwenyewe nimemwambia ni pingili imeteleza."

"Na watoto?"

"Stanley na Clara nao wanajua ni pingili. Mama yake kule Muleba ndiyo kabisa, mzee yule atashtuka bure. Umejua wewe tu, Mzee Mbwana. Hii ni amana."

Nikaipokea. Nilikolelewa mimi, neno la mtu likiitwa amana unafunga mdomo, na anayelitoa nje anaonekana hana tofauti na mwizi.

Siku nne baadaye, Mwalimu mwenyewe akaniita. Nilimkuta kajilaza kwenye kochi, mito miwili chini ya magoti. Muuguzi mmoja pale hospitali alikuwa mwanafunzi wake zamani. Mwalimu alimwomba amsomee faili, na mtoto yule hakuweza kumkatalia mwalimu wake wa darasa la kwanza.

"Kwa hiyo najua," akaniambia. "Lakini Adelard ana presha, na hili la kunificha ndilo limemshika asianguke. Akijua nami najua, atavunjika. Mwache aamini ananificha. Nimekwambia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu mmoja. Iwe amana."

Nikaipokea na hiyo.

Sasa nilikuwa na siri mbili, na yeyote mwenye akili angeona kwamba ni siri moja. Ningemwambia yeyote kati yao maneno mawili tu, mwenzako anajua, wakae walie pamoja yaishe. Sikusema. Nilijiona mwaminifu sana, nikawa napita kwao asubuhi na jioni, nacheka na huyu, nacheka na yule. Nikijikumbuka najichukia.

Mwalimu alitaka kitu kimoja: kumwona mama yake, Bibi Demetria, kabla ya kufa. Kwa mumewe alisema tu kwamba angependa Krismasi ya nyumbani. Adelard alilipokea kwa mikono miwili, maana naye alitaka hivyo hivyo. Shida ikawa njia. Mwalimu hakuweza kukaa kitako hata nusu saa, kwa hiyo basi halikufikirika. Ndege ilitaka barua ya daktari, na barua ya daktari ingesema yote. Ambulansi ndiyo kabisa, hakuna anayekodi ambulansi ya kwenda Muleba kwa ajili ya pingili. Walikuwa na pikapu yao ya milango minne, ambayo bodi lake la nyuma ni fupi, mtu mzima hawezi kunyooka.

Adelard ndiye aliyekuja na wazo la tela. Tela ya kulala, ile yenye kitanda na dirisha, ifungwe nyuma ya pikapu, yeye na mkewe wakae ndani, mimi niendeshe. Nilimwambia sheria hairuhusu watu kukaa kwenye tela barabarani. Akasema trafiki nao wana mama zao. Watoto wangefuata kwa basi sikukuu ikikaribia. Mwalimu akaambiwa kwamba ni tela ya familia, ya kutembelea kila mwaka.

Mwanzoni mwa Novemba tukaenda Tabata, kwenye yadi ya kijana mmoja anaitwa Talha. Mwalimu alilala siti ya nyuma njia nzima.

"Shikamooni wazee wangu," Talha akatupokea. "Ninazo mbili. Hii ndogo ameitengeneza fundi wangu hapa hapa. Kitanda kimoja, benchi, dirisha, basi. Nyepesi, hamtaisikia. Ile kubwa kaiacha mzungu mmoja wa utafiti. Vitanda vinne, jiko la gesi, sinki, pazia. Ila sidanganyi, ile ni nzito."

Mwalimu akateremka na fimbo yake, akaingia kwanza kwenye ile ndogo. Kidato kilikuwa chini, alipanda mwenyewe. Akajilaza, akanyoosha miguu, akafumba macho. Nilimwona kupitia dirishani. Tangu Agosti sikuwahi kuuona uso ule bila mikunjo, na pale ilipotea. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Talha akaacha kuongea.

Kisha tukampandisha kwenye ile kubwa, tukimshika huku na huku, maana ngazi zake ni ndefu. Humo ndani akapaza sauti kama yuko darasani.

"Hiki cha Stanley. Hiki cha juu cha Clara, anapendaga juu. Mwakani tunaanzia Mikumi, halafu Tanga."

Adelard akacheka. Akanivuta pembeni, nyuma ya rundo la matairi, na kicheko kikaishia huko. "Ile ndogo ndiyo yenyewe, naiona," akasema. "Lakini nikichukua ya kitanda kimoja atajiuliza sie wengine tunalala wapi mwakani. Ataelewa, Mbwana. Ataelewa hapo hapo."

Nikaitikia kwa kichwa. Niliporudi, Mwalimu akaniomba nimshike mkono wakati wa kushuka, akanong'ona. "Ile ndogo imenikaa vizuri mgongoni. Ila nikiitaka, mwenzangu ataona sifikirii mwakani. Usiniangushe, sema kubwa."

Kumbe wote wawili walitaka kitu kimoja, na walikuwa wamesimama hatua tatu kutoka kilipo. Niliijua pikapu ile vizuri. Klachi yake ilikuwa inashika juu kabisa, imekwisha. Njia nayo niliijua. Nimepanda milima ya Gairo na Sekenke mara ngapi sijui, na nimeona magari yenye nguvu kuliko lile yakirudi nyuma.

"Haya dereva," Adelard akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Ile kubwa, gari yetu itavuta?"

Wote wawili waliniangalia.

"Itavuta," nikasema.

Tuliondoka Madale tarehe kumi na mbili Desemba, asubuhi. Majirani walitoka kutuaga, wengine wanapiga picha, na Mwalimu akawapungia kupitia pazia la mzungu. Mpaka Morogoro tulikwenda polepole lakini tulikwenda. Kila nikisimama nilichungulia ndani, nikamkuta Adelard ameshika mkono wa mkewe, wanazungumza habari za mwakani.

Milimani, kabla ya kufika Gairo, gari ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Nilikanyaga mafuta, injini ikalia, magurudumu hayakupata kitu. Tela ikaanza kuturudisha nyuma. Nikavuta breki ya mkono, nikaruka, nikatia mawe chini ya matairi ya tela kwa mikono yangu hii. Nilimsikia Mwalimu humo ndani. Hakupiga kelele, alikuwa anaguna kama mtu anayebeba mzigo, maana mtikisiko ulimrusha ukutani.

Lori likatukokota mpaka Gairo mjini. Kesho yake fundi akabadilisha klachi. Tukajaribu mlima mwingine mdogo tu, harufu ikarudi. Fundi akanitazama, mtu mzima kwa mtu mzima, akaniuliza ni nani aliyeniambia gari hii ivute nyumba.

Tulikuwa tumempeleka Mwalimu gesti. Ule mtikisiko ulikuwa umemmaliza. Miguu haikumsikia tena, na dawa za maumivu alizimeza zikatoka zote. Zilikuwa zimebaki zaidi ya kilomita elfu moja. Nikaingia chumbani kuwapa habari ya fundi. Adelard akaanza tena kwamba pingili hizi hupona, kwamba tutapumzika wiki hapa, tutafika.

"Adelard," Mwalimu akamkatiza. "Inatosha. Nimejua tangu Agosti. Nilisomewa faili."

Adelard akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mie nilikuwa nakuficha."

"Najua. Na mie nilikuwa nakuficha kwamba najua." Akapumua kwanza. "Pale Tabata nilitaka ile ndogo."

"Na mimi," Adelard akasema.

Halafu Mwalimu akageuza kichwa taratibu akaniangalia. Alikuwa amesomesha watoto maisha yake yote, uso wa mtu mwenye kosa haukumpita.

"Mzee Mbwana. Alikwambia na yeye?"

"Aliniambia."

"Kabla ya Tabata?"

"Kabla yako wewe. Siku nne."

Nilitaka nitukanwe. Nilijiandaa kabisa. Adelard alitazama sakafu, na Mwalimu akasema kwa upole ule ule wa kumwita mtoto mezani, "Ungesema neno moja tu, mzee wangu." Kisha akaomba ageuzwe ubavu.

Alifariki siku ya tatu, saa nne asubuhi, watoto wakiwa njiani kutoka Dar. Usiku wa kuamkia siku ile yeye na Adelard walizungumza mpaka sauti ikamwishia, na nasikia walicheka pia. Nilikuwa nje kwenye benchi, sikuthubutu kuingia. Niliona aibu inayouma mwilini, na bado inauma.

Tela tuliiacha Gairo. Tulimpeleka Muleba kwa gari la kukodi, nikaenda nao, nikasimama kaburini kwa watu wa dini nyingine nikalia kuliko waliozaliwa naye.

Siku iliyofuata baada ya mazishi nilikuwa nimekaa uani, na Adelard yuko hatua chache, anapokea mikono ya waombolezaji. Bibi Demetria akaja nilipo. Kwa jinsi nilivyosimuliwa nilitegemea kumwona bibi wa kushikiliwa. Alikuja peke yake, mgongo umenyooka, amebeba kiti chake cha plastiki mkononi. Akakiweka, akakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye mimi."

"Wananiambia mgongo. Mimi nina miaka themanini na tatu, sijaona mgongo unaoua mtu hivyo. Mlijua?"

Adelard alisikia. Akanitazama juu ya mabega ya watu, akatikisa kichwa kidogo, nisiseme. Nilimwelewa. Alitaka kumhurumia mzee, kama tulivyohurumiana wote tangu mwanzo.

"Tulijua, mama," nikasema. "Ilikuwa saratani."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Na yeye mwenyewe?"

"Alijua. Alitaka kukuona wewe tu. Ndiyo maana tukahangaika na tela, tumlete amelala."

Akahesabu miezi kwa vidole, bila haraka, mpaka akaufikia ule tuliokuwa nao.

"Oktoba nilikwenda Mwanza," akasema. "Mjukuu wangu alijifungua. Nilipanda basi mwenyewe, nikarudi mwenyewe. Mngeniambia, ningekuja mimi."