Namba za Bunduki ya Nyaga

Truphosa alikuwa mwalimu wa hesabu Embu kabla hajawa muuguzi ng'ambo, mjini Fort Worth, na hata baada ya kustaafu hakuna kosa lililopita mbele yake bila kusahihishwa. Mchungaji alimpelekea matangazo ya Jumapili ayapitie kwanza. Alipofiwa na mumewe Nyaga, alirudisha fomu za mazishi mara mbili kwa sababu ya herufi moja.

Kitu pekee ambacho hakuwahi kukikagua ni bunduki ya mumewe.

Ilikuwa Mauser ya jeshi la Ujerumani, ya mwaka 1943. Nyaga aliinunua kwenye maonyesho ya bunduki, na kwa miaka kumi na mitano hakuna mbuzi aliyechomwa nyumbani kwao Mansfield bila hadithi yake. Bunduki hizi, alieleza huku akitafuna, Warusi waliziteka kwa maelfu, wakazifungua, kisha wakaziunga tena ovyo: mwili wa hii, komeo la kufungia risasi la ile.

"Lakini yangu haikuguswa. Namba zilizogongwa kwenye kila kipande zinafanana!"

Wanjohi, rafiki yake wa Pearland mwenye Mauser tatu na mdomo mmoja mkubwa, hakukubali. "Nyaga, ulichezwa mchana kweupe. Hebu nione komeo."

"Bunduki si bibi harusi, nimfunulie kila mgeni."

Sasa mwaka ulikuwa umetimia tangu Nyaga azikwe. Ibada ya kumbukumbu ilikuwa nyumbani, saa nane mchana, na Wanjohi alikuwa ametuma ujumbe: "Shemeji, nakuja na lenzi. Leo tumalize ubishi." Katika kijitabu cha ibada, nakala mia mbili zilizokwisha kuchapishwa, Truphosa mwenyewe alikuwa ameandika kwamba marehemu hakuwahi kusema uongo, hata katika mambo ya bunduki.

Asubuhi hiyo aliitoa bunduki kabatini, akavaa miwani. Mwilini: 7146. Kwenye komeo: 2903. Akasoma tena, kama mwanafunzi anayetumaini jibu litajirekebisha lenyewe.

"Nyaga," aliiuliza picha ya marehemu ukutani, "ulikuwa mjinga, au ulikuwa mwongo?"

Picha iliendelea kutabasamu.

Basi mwalimu wa hesabu, muuguzi na mwenyekiti wa kina mama akaenda jikoni, akachukua waya wa kusugulia sufuria. Aliisugua namba ya komeo dakika arobaini. Weusi wa tangu vitani ukatoka, uchafu wa miaka themanini ukatoka, na 2903, iliyogongwa ndani kabisa ya chuma, ikabaki inang'aa kuliko meno ya mchungaji.

Baada ya ibada wanaume walimzunguka Wanjohi. Alilitoa komeo, akapiga kelele.

"Shemeji! Umelisugua?"

"Lilikuwa chafu."

"Chafu? Ule weusi ndio ngozi yake! Umemchuna mtu mzima mzima!"

Akainama na lenzi. Truphosa aliiona midomo yake ikisoma kimyakimya: mbili, tisa, sifuri, tatu. Wanjohi akainua macho. Aliona vidole vya mjane vilivyochubuka, na uzi mmoja wa waya ulionasa kwenye pete ya ndoa.

"Haya, zinafanana?" akauliza Mutuku wa kwaya.

Kwa mara ya kwanza ule mdomo mkubwa ulikawia. Wanjohi akalifunga komeo kwenye leso yake.

"Nani atajua tena? Huyu mama amesugua mpaka namba zimehama nchi! Nyaga ameitunza miaka kumi na mitano, mkewe ameimaliza asubuhi moja. Kuanzia leo anaitwa Mama Waya!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Truphosa, ambaye hakuwa amechekwa hadharani tangu darasa la pili, alisimama wima akakipokea chote, hata cha mchungaji. Kisha akajaza sahani ya nyama, akampelekea Wanjohi kwa mikono miwili.

"Kula," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sikujua kama unaweza kunyamaza."

"Nikitafuna siwezi kuongea, shemeji. Ongeza mbavu."

Akaongeza.