Namba Alizokwangua Mzee Ombati

Leo Mzee Ombati amenaswa na siri yake mwenyewe!

Sheria yetu mafundi redio wa Daraja Mbili ni moja: kila Ijumaa leta redio iliyokushinda, tuifungue pamoja.
Yeye hukataa. "Sifundishi watu kuninyang'anya wateja."

Leo kaja na redio kaseti ya mteja. Imemshinda.

Tukafungua. Lo! Namba za transista zimekwanguliwa zote, ili fundi mwingine asijue kipuri cha kununua.
"Nani mchoyo hivi?" akafoka.

Nikageuza kifuniko. Ndani kuna jina la fundi aliyeitengeneza zamani.
Ombati. Mwandiko wake kabisa.

Akalisoma, akanigeukia. Kisha: "Mama Kerubo, nipe kalamu."

Tulizitafuta namba pamoja, akaziandika mwenyewe ndani ya kifuniko, kubwakubwa. Redio inaimba.

Nani mwingine amewahi kukwangua? Semeni tu. Kalamu bado ninayo.