Karamu ya Shilingi Kumi

Peris Nakhungu alikuwa na vidole vyepesi, jamani! Alikuwa amepalilia mahindi ya watu huko Matulo, Bungoma, miaka mitano, lakini alipoketi kwa kaunta ya supamaketi ya Mzee Muturi hapa Kitale, hata sisi wazoefu tulibaki kumtazama. Mimi Gladwell, wa kaunta ya pili, nilimwonea wivu, na sioni haya kusema.

Mwaka wa 2006 Mzee akanunua kibodi mpya. Kila kitufe kinapangwa vile unataka: unabonyeza mara moja, bidhaa inaingia na bei yake. Kimoja kiliingiza kalamu ya shilingi kumi. Kingine kilikuwa cha kamati za harusi: ukikigusa tu, mchele gunia moja, soda kreti kumi, mafuta na unga, vyote vinaingia kwa mpigo. Mzee alikiita kitufe cha karamu, akaringa nacho wiki nzima.

"Sasa mwenye atanikosea na hii kitu," akatuambia, "arudi kwao akalime."

Alikuwa anamtazama Peris.

Fundi wa kuipanga alikuwa Derrick, kijana wa Nairobi mwenye haraka. Peris ndiye alijua bidhaa, kwa hivyo alionyesha kitufe, akataja jina, Derrick akaandika kikaratasi vile alisikia na kukibandika. Walipomaliza, Peris akasoma vyote, akasema viko sawa. Mimi pia nikasoma. Sawa kabisa.

Siku ya kufungua shule, Mwalimu Kipkemboi wa Saboti akaja kununua kalamu moja. Peris akatafuta KALAMU, akabonyeza. Risiti ikaanza kutoka. Ikatoka, ikatoka, mpaka ikagusa sakafu.

Mwalimu akaiokota, akasoma kwa sauti ya darasani. "Mchele gunia moja. Soda kreti kumi. Kwani ninaoa nani, madam?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Peris hakucheka. Mama yake alikuwa ametangazia kanisa zima kwamba binti yuko kwa kompyuta, na sasa jembe lilikuwa linamwita. Wivu wote ukaniisha, nikamhurumia sana.

Mzee akatoka ofisini akifoka. "Nani aliandika hizi majina?"

"Fundi, mzee," Peris akajitetea. "Na nilimwambia wazi: hapa kalamu ya watu kukula, hapa karamu ya mtu kuandika. Ama nilimwambia tu kalamu na karamu?"

"Mnaona!" Mzee akagonga kaunta. "Mtu wa Bungoma ataniharibia biashara na ulimi! Si ni kitu rahisi? Sikiza." Akaweka kidole kwa kitufe cha kwanza. "Hii ni karamu." Akahamisha kidole. "Na hii ni karamu."

Mwalimu Kipkemboi akakohoa. "Hebu rudia, mzee."

Akarudia. Karamu. Karamu. Jasho likamtoka. "Gladwell, waambie!"

Mimi? Mtu wa Nyeri kwa baba na kwa mama, ulimi mmoja na Mzee? Nikajifanya napanga mifuko.

Mzee akampigia Derrick simu. "Ondoa hiyo karamu uweke biro."

"Karamu ipi, mzee?" Sauti ya Derrick ilisikika hadi kwa foleni.

"Ya kuandika, bana!"

"Ndio," Peris akainamia simu kumsaidia mkubwa wake, "weka bilo."

Mzee akamtazama.

"Peni," akasema polepole. "Derrick, andika peni." Kisha akafunika simu kwa kiganja. "Na wewe Peris, rudi kwa kazi. Mwalimu anangoja."