Safu ya Tatu

Kozi ninayofundisha haitakiwi na mtu. Wanafunzi wa uhandisi wa migodi, wa kilimo, wa ualimu na wa biashara, wote wa mwaka wa kwanza, hulazimika kuikalia kwa saa tatu kila Ijumaa katika ukumbi mmoja wa chuo hapa Voi, chini ya mabati yanayolia kwa joto. Jina lake rasmi ni Changamoto za Ulimwengu. Wao huiita Mambo Yote. Nami, kwa vile sina udaktari wala mtu wa kunisemea, huu ni mwaka wa sita naifundisha, na sioni mlango wa kutokea.

Hata hivyo nina ukali wangu. Kila tatizo, liwe ukame, taka au ndovu, lazima lichorewe safu tatu ubaoni. Ya kwanza: nani anaumia. Ya pili: nini kinasababisha. Ya tatu: nani angeweza kufanya kitu na hajafanya. Katika safu ya tatu sikubali neno "serikali" wala "jamii". Nataka mtu mwenye miguu, anayefikika kwa simu au kwa boda. Anayeniandikia "wadau" namkata alama papo hapo. "Kila tatizo la dunia lina mtu wa karibu anayejifanya yuko mbali," huwaambia, nao huandika. Niliipenda sana sentensi hiyo.

Muhula uliopita kundi moja la watano lilichagua ndovu. Walitaka familia ya kutembelea, nikawaelekeza kwenye shamba moja kule Mata, upande wa Taveta, kwa mjane anayeishi peke yake. Sikuwaambia kwamba ni mama yangu. Nilijiambia kwamba wakijua watanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sababu nyingine sikujishughulisha kuitafuta.

Nilimpigia mama simu. "Wakija, usiseme mimi ni wako."

"Nikukane?"

"Siku moja tu, mama."

"Haya," akasema. "Si kazi ngumu."

Mimi ni mtoto wake wa pekee. Tangu baba afariki, kila mwisho wa mwezi namtumia kitu, na likizo naenda kulala siku mbili. Kumleta kwangu? Nimeolewa na mtu wa bara mwenye duka la vipuri hapa mjini, na kwetu inajulikana kwamba mama halali kwa mkwewe. Ni aibu. Wanawake wa rika lake walikuwa wakikutana na mkwe njiani, wanapita vichakani. Mila siikumbuki ninapovaa suruali, wala ninapokula meza moja na baba mkwe wangu, lakini kwa hili niliishika kwa mikono miwili. Niseme wazi: ilinifaa. Mama yangu hujua unachoficha kabla hujakificha, na nyumba yetu ni ndogo.

Siku ya kuwasilisha kazi nilikaa kiti cha mbele na karatasi ya alama mapajani. Kijana wa migodi akaeleza handaki la kuzuia ndovu, lichimbwe wapi na kwa kina gani. Wa kilimo akaleta mizinga ya nyuki na pilipili. Nilifurahi, kwa sababu walikuwa wanabishana kwa akili. Kisha akasimama msichana wa ualimu, mwembamba, sauti ya chini, na daftari mkononi.

"Safu ya kwanza ni shosho mwenyewe, yule mjane," akasema. "Mwezi wa pili alikuwa anakimbia ndovu, akaanguka kwenye mtaro, mkono ukateguka. Jirani ndiye alimfunga. Mpaka sasa hawezi kujifunga leso. Alituomba tusimwambie mtu, lakini hii ni asaimenti."

Darasa likacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimeikaza kalamu mpaka vidole vikauma. Mwezi wa pili mimi na mama tulizungumza kila Jumapili. Aliniambia habari za kanisa na bei ya ndizi.

"Safu ya tatu," akaendelea, "tumemweka binti yake. Yuko hapa Voi, ameolewa, na ana kazi."

Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Lakini mama si hawezi kuishi kwa mkwe? Kimila hiyo haiwezekani."

Sijawahi kumpenda mwanafunzi kama nilivyompenda huyo. "Hoja nzuri sana," nikasema, haraka mno. "Lazima tuheshimu mila za wenyeji. Mngemwondoa huyo binti hapo."

"Tulimuuliza hilo pia, Mwalimu." Msichana akafungua daftari, akasoma polepole. "Alisema: 'Mila naijua, nimeishi nayo. Lakini binti yangu hajaniuliza hata siku moja kama ningelala kwake.'"

Mama alijua vizuri daftari hilo linapelekwa kwa nani.

Milango ya ukumbi iko nyuma, na kati yangu na milango kulikuwa na watoto wa watu zaidi ya mia mbili, wote wakinitazama. "Tumemwandika vibaya?" msichana akauliza. Hakuwa ananitega, masikini. Alitaka alama zake. Mkuki kwa nguruwe, nikawaza, kwa binadamu mchungu.

"Hapana," nikasema. "Mmemwandika sawa. Keti."

Nikawapa alama zote za safu ya tatu. Kundi lililofuata lilizungumzia plastiki, nami sikusikia neno.

Jioni nilimweleza mume wangu habari ya ule mkono. Akaweka kijiko chini.

"Si ulisema hataki kuja?"

"Nilisema."

"Miaka yote hii nadhani mama ananikataa kwa sababu mimi ni mtu wa bara. Alikataa lini?"

Sikuwa na siku ya kumtajia. Kwake nilikuwa nimesema mama hataki, na kwa mama nilikuwa nimenyamaza nikaiacha mila inisemee. Nilijionea haya mpaka chakula kikanishinda. Yeye hakunigombeza. Alisimama, akaenda kutoa maboksi ya vipuri kwenye kile chumba cha pili.

Asubuhi nikampigia mama. "Njoo ukae na sisi," nikasema. "Chumba kipo. Mkweo mwenyewe ndiye amekitengeneza."

Nikasikia kuku wake.

"Wale watoto walipita?"

"Walipita vizuri."

"Yule mwembamba anajua kusikiliza." Akawafukuza kuku. "Asante kwa kuniuliza, mwanangu. Nitakuja. Lakini si sasa."

"Lini?"

"Mahindi yameanza kubeba. Nikiondoka, nani atakaa nayo? Nikishavuna, uje unichukue."

Nikamwambia mahindi nitamnunulia, magunia atakayo. Akacheka, bila ubaya wowote. "Hayo yatakuwa yako," akasema. "Ungeniita kabla sijapanda, ningekuja hata kwa miguu."

Ndovu nao huja hasa wakati huo, mahindi yanapobeba. Mama alijua, nami nilijua. Akanituma nimsalimie mkwe wake, akakata simu.