Nyota ya Huruma Imetoka Kwenye Kioo

Umeme umerudi. Ethel Zabroni anaondoa khanga iliyofunika kompyuta, anaipangusa vumbi la salfa, dawa inayopulizwa kwenye mikorosho, kisha anaiwasha. Wateja wawili wanangoja barua zao kwenye benchi. Watangoja sana.

"Nivumilieni, nimwone mwanangu kwanza," anawaambia.

Kwenye kioo cheusi yanatokea madoa meupe, yamesongamana katikati. Ni nyota elfu moja za kuigiza, kundi moja linalozunguka ndani ya galaksi. Moja tu ni nyekundu.

Ethel ni mpiga chapa katika duka la steshenari mjini Newala. Duka lilifunguliwa biashara ilipoachiwa huria, wanunuzi binafsi wa korosho wakamiminika, kila mmoja na barua zake. Kompyuta ililetwa kwa ajili yao. Lakini mwaka 1999 binti yake, Huruma, akiwa likizo kutoka chuo kikuu, aliiwekea programu aliyoiandika mwenyewe.

"Aliniambia, mama, kila nyota inavuta mwenzake. Zikipitana karibu, moja hupigwa kumbo ikatupwa pembeni, na huko galaksi inainyakua. Kundi linapungua hivyo hivyo, moja moja." Anacheka. "Nikamwambia, mbona hiyo ni Mkunya, kijijini kwetu! Vijana wote wameishia Dar."

Huruma akaipaka nyota moja rangi nyekundu, mama yake asichoke kutazama. "Hii ni mimi," alisema. Mwaka uliofuata akaenda Ujerumani kusomea nyota hizo hizo. Sasa ni 2004, na hajarudi hata mara moja.

Aliahidi kuja Julai hii. Ethel ameshapaka chokaa chumba chake na kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, maana mtoto huyo kwa ming'oko hana simile.

Simu inalia. Sauti ya binti inasikika hadi kwenye benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unafika lini?"

"Mama, kazi imenibana. Labda mwakani. Na ile programu izime tu. Huku tuna mashine zinaimaliza kabla chai haijapoa."

"Haya, mwanangu. Mungu akulinde."

Anaiweka simu chini na kujifuta macho kwa ncha ya khanga. Programu haizimi.

"Nimeianzisha upya mara nyingi, nikibadili kidogo tu zinapoanzia," ananiambia. "Ile nyekundu ikibaki ndani, siku nzima nafurahi kama mjinga. Ikitoka, chakula hakipiti. Namtamani mwanangu, ndugu mwandishi, nikufiche nini?"

Doa jekundu linasogea ukingoni, linasita, linapotea.

Mzee Bwanali, aliyekuja na barua ya shamba lake la Mnyambe, uvumilivu umemwishia. "Mama Huruma, si imeshaondoka? Izime basi, unipigie barua yangu!"

"Imetoka kwenye kioo tu, mzee wangu. Mashine bado inajua iko wapi."

Anafungua barua juu ya zile nyota, bila kuzizima, na vidole vinaanza kazi. Ming'oko, anasema, leo atawagawia majirani. Chumba atakipaka tena mwakani.

Namuuliza atamwomba nini Huruma siku akija.

"Anifundishe kukipanua hiki kioo," anasema, macho kwenye barua. "Nione alikofika."