Benchi la Mbele na Mlango wa Nyuma

Nilikuwa mashineni nikisubiri zamu yangu ya kusaga, mama mmoja mwenye debe la ulezi aliposema kwamba yule daktari wa picha amefariki. Ni presha, alisema, ameanguka asubuhi akijiandaa kwenda kazini. Mzee aliyekuwa mbele yangu akauliza, "Daktari gani tena?" Mama akajibu, "Si yule wa matiti." Watu wawili watatu wakacheka, wala si kwa ubaya, wamezoea tu kucheka jina hilo likitajwa. Mimi sikucheka. Jina hilo nilimpa mimi, hapahapa kwenye safu hii, na ninyi wasomaji wangu mkalipokea kwa mikono miwili, mkalisambaza mpaka Laela kwa wanunuzi wa mahindi.

Kwa wasiomfahamu, alikuwa mtoto wa wakulima wa hukuhuku Ufipa. Alisoma udaktari, akasomea uzamili wa picha za mwili kwa miaka mitatu, kisha akarudi darasani miaka miwili mingine kubobea kwenye njia ya mkojo, viungo vya uzazi na matiti. Wenye elimu ya namna hiyo hubaki miji mikubwa. Yeye alirudi Sumbawanga, kwenye baridi na upepo wetu, hospitali ikampa chumba kimoja chenye mashine ya ultrasaundi, na benchi la mbao nje ya mlango. Hazikupita wiki mbili akanitafuta. "Shikamoo kaka," alisema, maana nilimzidi umri. "Naomba unisaidie jambo moja. Akina mama wa huku wanajua mashine hii ni ya mimba tu. Mwenye uvimbe kwenye titi haji. Mjane haji, sista haji. Akionekana kwenye lile benchi, Jumapili kanisani watu wanamtazama tumbo." Akanipa sentensi chache alizokuwa ameziandika nyuma ya fomu ya vipimo, akaniomba niziweke gazetini kama zilivyo.

Nikaona hazina ladha. Sikuwa na sababu nyingine, na sitajitungia nyingine leo kwa kuwa mwenyewe hayupo kunisuta. Fomu nikaitia kwenye droo, nikaandika yangu: kwamba wenzake wanasoma ili wajue kutibu, huyu bwana ametumia miaka mitano kutafuta kibali cha kutazama vifua vya wake zetu mchana kweupe. Mlicheka sana. Nilipigiwa simu za pongezi, na kwa majuma kadhaa sikununua chai yangu mwenyewe mjini. Yeye nilikutana naye sokoni baadaye, akanisalimia vilevile, shikamoo kaka, habari za nyumbani. Nikajiambia, kumbe hata hajasoma.

Dada yangu mkubwa alikuwa akiishi Kaengesa. Alikuwa mjane, mwenyekiti wa jumuiya yake, mama asiyekosa misa hata mvua inyeshe vipi. Alipojigusa akakuta kitu kigumu kwenye titi la kushoto, alinyamaza. Mwanawe wa kike ndiye aliyenipigia simu, nami nikaenda kumbembeleza. "Mdogo wangu," aliniambia huku akipepeta ulezi, bila hata kuniangalia, "nikakae benchi moja na mabinti wenye mimba, mimi mjane wa miaka yote hii? Halafu niingie kwa yule uliyemwandika mwenyewe, nimvulie nguo? Wewe si ndiye uliyetuchekesha?" Nilirudi mjini peke yangu. Alikaa nyumbani msimu mzima wa kulima na msimu mzima wa kuvuna. Siku aliyokubali, ngozi ya titi ilikuwa imeshajikunja.

Nilimpigia simu daktari, nikaona aibu hata kujitaja. Akasema tusipite mbele. Tukazunguka nyuma ya jengo, pale wanapoanikia mashuka, tukamkuta amesimama kwenye mlango wa stoo, ameufungua mwenyewe na kusogeza makasha pembeni. Kumbe ndivyo alivyokuwa akiwaingiza wote waliolikwepa benchi: wajane, masista, na wake wa wafugaji waliotoka Milepa huko bondeni na hawakutaka waume zao wasikie kitu. "Shikamoo mama, karibu, hapa hakuna atakayekuona," alimwambia dada yangu. Ndani walikuwa yeye, muuguzi mmoja wa kike na mgonjwa. Alipotoka akanivuta pembeni. "Kaka, amechelewa." Nikauliza kwa kiasi gani. Akafikiri. "Angekuja mwaka ule niliporudi kutoka masomoni, leo tungekuwa tunaongea mengine." Nilisimama pale nikisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Aliandika rufaa ya Mbeya, akanieleza taratibu basi gani litamfaa mgonjwa. Dada tulimzika Kaengesa, na daktari alikuja mazikoni.

Juzi ilikuwa zamu yake, shambani kwa baba yake, mbele ya Laela. Wakubwa wake wa kazi walisema ameacha pengo lisilozibika. Pengo gani wasilolijua? Miaka yote aliomba waende kusomeshwa wengine wawili, na hasa daktari wa kike, kwa kuwa alijua mama wa huku atamvulia nguo mwanamke mwenzake kabla ya kumvulia yeye. Alijibiwa kwamba hilo si la kipaumbele. Wakamweka kwenye kamati ya usafi. Lakini nitawalaumu kwa sauti gani? Wao walimnyima mwanafunzi, mimi nilimnyima wagonjwa. Nimejifunza jambo moja, nalo nimelijua kwa kuchelewa: mtu akituletea elimu yake na kutuomba tuifikishe kwa watu, kazi yetu ni kuifikisha. Tukiona haichekeshi, tuifikishe hivyohivyo. Anayechelewa kufika hospitali kwa ajili ya kicheko chetu ana jina, na wangu alikuwa akiniita mdogo wangu.

Jana nilipita hospitalini. Benchi limejaa mabinti kama kawaida, maana picha za mimba zinaendelea. Mlango wa nyuma umetiwa kufuli. Nilirudi nyumbani nikafungua droo, na fomu yake ninaichapa leo, kama alivyoomba, bila kuongeza neno:

"Mashine hii si ya wajawazito peke yao. Mama mwenye uvimbe kwenye titi aje, hata kama hauumi. Anayeona damu baada ya kukoma hedhi aje. Anayekojoa damu aje, mwanamke au mwanamume. Kipimo hakiumi. Msisubiri, nipo kila siku ya kazi."