Mshenga Mwenye Blututhi

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nikiwaachia nyinyi mtanogesha: ndiyo, mimi ndiye yule kijana wa Kilosa ambaye posa yake ilisomwa Mikumi kama matangazo ya vita, na ndiyo, yale maneno ya kitenge yalisemwa kweli, mbele ya mama mwenyewe, kwa sauti ya upole. Chekeni mmalize, halafu niwaeleze ilivyokuwa, kwa sababu huko vijiweni inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo na wameshaongeza polisi. Polisi hawakuhusika.

Mnanijua kwa vifaa. Mimi ni mtu wa teknolojia, na mtu wa teknolojia katika mji wetu ni yule anayenunua kitu kipya kabla cha zamani hakijapata mkwaruzo, halafu anakaa jioni nzima akiwaeleza wasiouliza kwa nini hakuwa na budi kukinunua. Nilikuwa na simu ya kupigia na simu ya gemu (ya gemu ilikuwa na feni ndani, feni kabisa, wakati mimi mwenyewe chumbani nilikuwa nalala na joto langu). Na nina msimamo wa lugha pia. Nilikuwa kamanda wa timu ya gemu ya vita, vijana ambao hatujawahi kuonana uso kwa uso, na nilikuwa nimepiga marufuku Kiingereza humo ndani: adui ni adui, risasi ni risasi, mwenzako akianguka unamfufua kwa Kiswahili. Niliamini, na bado naamini, kwamba hizi gemu zitakuwa zetu siku tutakapozicheza kwa lugha yetu, kwa hiyo nilikuwa naongea Kiswahili kilichonyooka, kila neno linasikika mwanzo mpaka mwisho. Hilo la kusikika mlikumbuke.

Sasa, kulikuwa na Upendo. Upendo ni wa Mikumi, na baba yake ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzee ambaye ukimsalimia vibaya anakurudisha mlangoni uanze upya, na nilikuwa nampenda binti yake kiasi kwamba hata gemu nilikuwa naizima akipiga simu, jambo ambalo kwa watu wa aina yangu ni sawa na kubatizwa. Muda wa posa ukafika. Kwetu mshenga ni mjomba, na mjomba wangu ni Lameki, kaka yake mama, mkulima wa vitunguu kule Lumuma, mtu wa milimani asiye na maneno mengi. Nyumbani kwake anaongea Kisagara, na akiongea Kiswahili anakaa kimya katikati ya sentensi mpaka unafikiri amemaliza. Mwoaji mwenyewe haendi, anakaa kwao anasubiri majibu, ndivyo ilivyo tangu zamani na hakuna aliyewahi kufa kwa kusubiri.

Mimi nikaona tatizo. Nikawaza, huyu mzee na vitunguu vyake atasimama mbele ya mwalimu wa Kiswahili aseme nini? Nikamnunulia kile kidude cha sikioni kisicho na waya, nikakiunganisha na kitochi chake, kile kisimu cha vitufe (hata vitochi siku hizi vina blututhi), nikamwambia mpango: mimi nitakaa jirani, nitampigia simu, nitamtajia maneno, yeye atayatoa.

"Mjomba, wewe utakuwa kama spika tu," nikamwambia. "Ninachosema, unasema. Usiongeze, usipunguze."

Akanitazama muda mrefu. "Kama spika."

"Eeh, Mjomba. Kama spika."

"Haya."

Ile haya niliichukua kama kukubali. Leo najua ilikuwa haya ya aina nyingine, lakini kusikia aina za haya kunahitaji kifaa ambacho sikuwa nimenunua.

Kitu kingine ni kitenge. Mama yangu alikuwa amenipa hela ninunue kitenge kizuri cha mama yake Upendo, kiwekwe juu ya sinia la posa, mtu akikiona ajue kuna watu wamekuja. Wiki hiyohiyo gemu ikatoa bunduki ya dhahabu. Niwaeleze msiocheza: bunduki ya dhahabu haiui zaidi ya ile ya bure, inang'aa tu, na huwezi kuishika, kuiuza wala kumwachia mtoto urithi. Lakini ilikuwa inauzwa kwa siku chache tu, na pale kwenye kioo ilikuwa inazunguka taratibu huku ikimeremeta, nami ni binadamu. Nikanunua bunduki. Kitenge nikakichukua pale sokoni kwenye lundo la chini, kile ambacho hata muuzaji anakukunjia haraka usije ukakigusa.

Basi siku ikafika, tukakodi gari, Mjomba na jirani yetu mmoja wa kumsindikiza, na mimi ambaye sikutakiwa kuwemo. Mjomba alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyomfunika masikio, katika joto la Mikumi, na tulikubaliana akiulizwa aseme sikio linamsumbua (hiyo kwa kweli ndiyo sentensi pekee ya siku ile iliyokuja kuwa kweli). Wakanishusha kwenye kibanda cha chipsi kando ya barabara kuu, malori yanapita, nikaagiza soda, nikapanga simu zangu mbili mezani, nikampigia.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nilikuwa namtajia, naye anatoa neno kwa neno, tumeona jiko zuri katika nyumba hii, tumekuja kuomba moto, na nikamsikia Mwalimu akiguna kwa kuridhika. Shangazi yake Upendo, maana kila posa lazima iwe na shangazi wa namna ile, akatafuta kosa la kuwatoza faini akalikosa. Nikajiona nimevumbua kitu. Nikawa tayari nawaza nitawakodishia washenga wote wa wilaya.

Kisha wakaletewa chakula. Nikajua watu wakila posa imesimama, tena wali wa kuku mpaka uishe na watu wanawe ni muda, na wenzangu kwenye simu ya gemu walikuwa wananiita, kamanda uko wapi. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kama kufunga kamba ya kiatu: mchezo mmoja tu. Nikabonyeza kitufe cha kuzima maiki kwenye simu ya Mjomba, nikavaa masikio yangu makubwa ya gemu, yale ya kusikilizia, nikaingia vitani. Kitufe nilichobonyeza kilikuwa jirani na kile cha kuzima maiki.

Yaliyotokea ndani nilihadithiwa na Upendo, ambaye alikuwa jikoni dirisha liko wazi. Watu wa kule hawakula taratibu kama nilivyotarajia. Walimaliza, wakanawa, beseni likabaki pale katikati, na Mwalimu akaegemea kiti akauliza kwa adabu zote: kijana wenu akimchukua mwenetu, ana mpango gani naye?

Mjomba akatega sikio. Huku kibandani mimi nilikuwa nawaambia wenzangu kuhusu adui mmoja aliyeanguka. Mjomba akakohoa kidogo, akasema, "Mwacheni huyo, hana kitu. Chukueni vyake twende."

Mama yake Upendo, mwanamke mpole, akadhani pengine ni misemo ya milimani, akauliza kwa kusaidia, na wataishi wapi?

"Tutaingia nyumba yoyote tutakayoikuta wazi," akasema Mjomba, kwa sauti ileile anayosomea somo kanisani. "Tukiwakuta wenyewe ndani, tunawamaliza."

Ningekuwa napiga kelele kwa Kiingereza kama vijana wengine, mzee angejikwaa kwenye neno la kwanza tu, wangesema sikio linamsumbua, mambo yakaisha. Lakini mimi mtetezi wa lugha nilikuwa nimenyoosha kila kitu. Shangazi sasa amepata alichokuwa anakitafuta tangu asubuhi, akavuta sinia, akainua kitenge, akauliza, na hiki ndicho mlichomletea mama?

Wakati huohuo mwenzangu mmoja kwenye gemu alikuwa ameiona bunduki yangu ikimeremeta, akaisifia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijibu kwa kirefu.

"Hii ni hela ya kitenge cha mama mkwe hii," akasema Mjomba, akimtazama mama mwenyewe. "Yeye nimemchukulia cha lundo la chini. Hata hatajua tofauti."

Shangazi hakubishana na mtu. Alichovya pindo la kitenge kwenye beseni la kunawia, akalisokota kidogo, akaliinua, na maji yakawa ya zambarau. Upendo anasema mama yake aliyatazama yale maji, akaomba radhi, akaingia chumbani. Hiyo sehemu mimi siitanii, hata leo.

Upendo hakunipigia simu. Jirani yetu alimwelekeza nilipo, naye akaja kwa miguu mpaka kibandani akiwa na nguo zake nzuri za siku ile, akasimama mbele yangu, na tulikuwa tumebaki wachache kwenye duara la mwisho la gemu, basi nikamwinulia kidole, ngoja kidogo. Nilimwinulia kidole mwanamke niliyekuwa nimekuja kumwoa. Akaichukua ile simu nyingine mezani, akanigeuzia kioo nione.

"Bado wanakusikia," akasema.

Nikavua masikio. Kwenye simu nikasikia sauti ya Mjomba ikinyamaza pamoja na yangu.

"Baba anakuita," Upendo akasema, akatangulia.

Nilipita ile sebule nikitoa shikamoo kwa kila kiti, na marahaba zilikuja, maana marahaba hainyimwi, lakini zilikuja zimepoa. Mwalimu akamuuliza Mjomba, mzee mwenzangu, nieleze. Mjomba akavua kofia, akatoa kile kidude sikioni, akakiweka kwenye sinia juu ya kitenge.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," akasema. "Aliniambia mimi ni spika. Nisiongeze, nisipunguze. Nimefanya hivyo."

Mwalimu akafikiri. "Basi posa bado haijafika hapa," akasema. "Hapa imefika mashine. Siku mshenga akija, tutamsikiliza."

Tukapanda gari kurudi. Tulipofika Zombo, Mjomba akafungua kioo, akasema tu kwamba mahindi ya huku yamekubali. Nilikuwa nataka kulia, na nilikuwa na hasira naye pia, sitadanganya, kwa sababu alielewa kila neno na angeweza kunyamaza wakati wowote. Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba na mimi ningeweza.

Nikauza simu ya gemu, na feni yake. Nikanunua kitenge, kile cha juu kabisa, nikakaa nacho dukani nikikisugua kwa kidole kilicholowa mate mpaka mwenye duka akaudhika. Nikapanda Lumuma, nikamkuta Mjomba kwenye vitunguu, nikapiga magoti kwenye tope nikamwomba awe mshenga wangu. Hakusema haya. Alisema nimsaidie kwanza kumalizia tuta, na tuta la Lumuma ni refu.

Safari ya pili nilibaki Kilosa kwa mama. Simu yake Mjomba aliiacha kwangu mezani, makusudi, naye akaondoka asubuhi. Nilikaa siku nzima nikimtazama kuku akivuka uwanja, sina cha kubonyeza, na sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Jua limeinama ndipo bodaboda ikamshusha mlangoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Akakaa. Akavua kofia. Akavua kiatu kimoja, akakikung'uta mchanga, akakivaa tena.

"Mjomba, wamesemaje?"

Akanitazama muda mrefu, kama siku ile.

"Spika inaomba maji," akasema.

Nikamletea kwa mikono miwili. Akanywa taratibu mpaka chini, akanirudishia kikombe, akafuta midomo.

"Walikichovya tena," akasema. "Maji yakabaki meupe. Mama yake akakikunja, akaweka mapajani."

Mama yangu akapiga kigelegele, mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto. Ile bunduki ya dhahabu bado ninayo, kwenye akaunti ambayo sina simu ya kuifungulia. Na tangu siku hiyo, wakubwa wakinisemea, mimi hata kukohoa sikohoi.